Mtaa Usio na Kero

Jumapili, 4 Mei

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Mimi sijambo, mzima kama chuma cha reli. Wewe kama unaumwa sema, usiniandikie "nzuri tu" halafu nije kuyasikia kwa watu.

Nina ugomvi na wewe. Jumanne umekuja mtaani kwetu na karatasi zako za kuuliza watu maoni. Umegonga kwa fundi cherehani, umegonga kwa muuza mkaa, umegonga kwangu. Mimi bibi yako umeniuliza umri kama hunijui. Ukanisomea maswali bila kuinua macho: maji machafu yananisumbua? Giza? Wizi? Upweke? Nikajibu hapana, hapana, ukatia alama zako, ukanywa chai umesimama, ukawahi gari la jioni. Hata kiti hakikupata joto lako.

Lakini nimekusamehe, maana mtaa mzima umekuheshimu, hakuna aliyekuangusha. Uliniandikia kwamba kazi hii ikienda vizuri utaajiriwa moja kwa moja. Basi imekwenda. Niletee habari za ajira, na safari hiyo uje ukae.

Bibi yako

Jumamosi, 17 Mei

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi afya ipo, moyo ndio hauko mahali pake.

Ajira imeingia mashakani. Ofisini wamejumlisha majibu ya mitaa yote. Kila mtaa una kero zake, wetu hauna hata moja. Msimamizi aliniita mezani kwake akaniuliza, "Huu mtaa wenu uko peponi?" Wahojaji wavivu hujifungia chumbani na kujaza majibu wenyewe, naye anadhani ndivyo nilivyofanya. Nimesimamishwa mpaka waamue.

Bibi, mtaro wa maji machafu unapita chini ya dirisha la fundi cherehani. Nilipomuuliza, alikuwa ameziba pua kwa kitambaa, akaniambia hewa ya hapa ni nzuri sana. Niliandika alichosema, ndiyo sheria ya kazi yetu. Unajua lolote?

Mjukuu wako

Alhamisi, 22 Mei

Mume wangu,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima. Goti linauma kidogo, hilo si la kupeleka ofisini.

Ndiyo, najua. Ni mimi. Wewe uliniandikia utakuja kuuliza maswali, na maswali niliyowahi kuyaona mimi ni ya mtihani. Mtihani una jibu la kupata na la kukosa. Nikasema ukiukuta mtaa una uchafu na wezi, utaonekana umekosa. Basi kabla hujaja nikapita nyumba kwa nyumba: mjukuu wangu anakuja kupimwa, atakayemwambia kuna shida atanitambua. Muuza mkaa akabisha, "Lakini Bibi, taa hakuna, juzi nimeanguka." Nikamwambia, "Umeangushwa na uzee, na uzee haukuulizwa." Fundi yeye alikariri kabisa, mkewe akimsikiliza.

Sasa kosa langu liko wapi? Ungesema mapema kwamba wakubwa wanataka kusikia tunavyonuka, ningewapanga vingine. Aliyesoma ni wewe.

Mwambie huyo msimamizi amtume mtu mwingine, asiye mjukuu wa mtu hapa. Nimeshapita tena nyumba kwa nyumba, nimesema neno moja tu, kila mtu aseme lake. Siku atakayokuja nitakaa ndani, nifunge dirisha na mdomo. Huo mdomo utaniuma kuliko goti.

Bibi yako

Ijumaa, 13 Juni

Shikamoo Bibi,

U hali gani, na goti je? Mimi mzima, na usingizi umerudi.

Yule binti aliyekuja ni mwenzangu wa kazini. Amerudi na karatasi zimejaa mpaka pembeni. Anasema fundi alizungumza mpaka pasi yake ya mkaa ikapoa. Msimamizi aliposikia kisa chote alicheka hadi akavua miwani. Amesema alishaona wahojaji wa kutunga majibu, lakini mtaa uliofundishwa majibu, huo ni wa kwanza. Kuanzia sasa kila mhojaji, kabla ya kuuliza, ataeleza kwamba hakuna jibu la kupata wala la kukosa. Maneno hayo yametoka kwako. Na mimi jana nimetia saini ajira.

Kero ya kwanza mtaani ni mtaro, ya pili giza. Ya tatu sikutaka kukuandikia, ila tumeshaona faida ya kufichana: watu kadhaa wamemtaja bibi mmoja anayegombeza wapita njia kutoka dirishani. Majina hatuandiki, kwa hiyo hatumjui.

Kitu kimoja kimenishangaza. Wengine wamebadilisha karibu majibu yote, lakini kwenye swali la upweke wazee bado wanasema hapana. Labda hilo kwetu kweli halipo.

Mjukuu wako

Jumapili, 22 Juni

Mume wangu,

Ajira nimeisikia na nimeifurahia. Kila anayepita dirishani ameshaambiwa, apende asipende.

Huyo bibi wa kero ya tatu namfahamu, na ana haki yake. Watu wanatupa maganda mtaroni, kisha wanaulalamikia mtaro. Niambie tu waliomtaja ni wangapi. Sina ubaya nao, nataka kujua kama wamefika nusu ya mtaa. Mtaro bado unanuka vilevile, ila sasa tunausema bila kuoneana haya, na hiyo nayo ni nafuu.

Tuje kwenye upweke. Yule binti ana adabu, alikaa, alinisikiliza. Lakini mgeni akikuuliza kama una upweke, naye ana nyumba nyingine za kupita, utamwambia nini? Utamwambia hapana, asije akakuonea huruma. Na wewe uliniuliza umesimama.

Kila barua nakuandikia mimi mzima. Leo nakujibu sawasawa. Goti linauma. Redio naiacha iseme hata kama siisikilizi. Na pale dirishani nakaa kwa sababu mtu nikimgombeza, lazima anijibu.

Badilisha jibu langu, andika ndiyo. Jina usiandike. Na kama karatasi zimeshafungwa, njoo uniulize upya, ukiwa umekaa.

Bibi yako, wa dirishani