Hii Si Busta

Lucky Summer, Nairobi
14 Juni 2025

Kwa Shemeji Patrobas,

Pokea salamu kutoka huku kwetu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunisumbua nikipanda ngazi. Sijui masikio yako yanaendeleaje tangu ustaafu pale kiwanda cha sukari. Ndiyo maana sipigi simu. Najua utaitikia "eeh, eeh" na hujasikia kitu. Barua hii nampa dereva wa basi la Webuye, aiache dukani pale stendi.

Kuna jambo limenifika. Ulipokuja tumsafirishe marehemu ndugu yako Nahashon, ulikiona kile kinu cha upepo juu ya paa letu. Nahashon alikitengeneza kwa altaneta ya lori, ile inayochaji betri, na mabomba ya plastiki, aliyoyapasua akayachonga yakawa mabawa. Stima ikipotea, na huku hupotea sana, kinu ndicho huwasha taa za ngazi na kuchaji simu za wapangaji. Ploti nzima imezoea.

Wiki iliyopita watu wa ofisi ya mipango walikuja wakabandika notisi kwenye geti. Inasema nimesimamisha mlingoti wa mawasiliano bila kibali, na niuteremshe kabla mwezi ujao haujaisha. Nilipouliza, nikaambiwa kuna jirani amelalamika. Kumbe mtaani wanasema nimewekewa busta, ile milingoti ya kampuni za simu. Eti nalipwa kila mwezi ninyamaze, na miale yake inawapa watoto maumivu ya kichwa.

Nahashon angecheka mpaka ashike mbavu. Alikuwa na tabia ya kulowesha kidole, anakiinua juu, ananiambia, "Mama, leo kuna upepo wa chai tu." Siku nyingine, "Leo ni upepo wa maharagwe," yaani wa kuvuma kutwa kama maharagwe yanavyochemka. Hata sasa nikitoka asubuhi nainua kidole, halafu nakishusha haraka kabla wapangaji hawajaniona.

Nishauri, shemeji. Wewe ndiye mkubwa aliyebaki.

Ni mimi shemeji yako,
Annah Nekesa


Webuye
29 Juni 2025

Kwa Shemeji Nekesa,

Barua yako imenifikia ikiwa na doa la mafuta, lakini inasomeka. Sisi tuko salama. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama. Mama yetu anakusalimu na anauliza kama unakula.

Shemeji, teremsha hicho chuma. Serikali ikikuandikia, huanzi kubishana nayo kuhusu majina. Leo ni notisi, kesho ni polisi, na wewe uko peke yako.

Nitasema na lingine, usinikasirikie. Chombo hicho ndicho kilichommaliza ndugu yangu. Kupanda juu ya paa kila siku kwenye baridi ya Julai, na kifua kile alichokuwa nacho, mtu atapona vipi? Kila nikikifikiria kikizunguka huko juu na yeye yuko chini ya udongo, nakichukia.

Wauzie watu wa vyuma kuukuu. Ploti mpe mtu aiangalie, uje nyumbani. Shamba la Nahashon la upande wa mto bado ni lako na hakuna aliyeligusa.

Shemeji yako,
Patrobas


Lucky Summer, Nairobi
11 Julai 2025

Kwa Shemeji Patrobas,

Natumaini wewe na nyumba yako mko salama, na mama mwambie ninakula. Jana nilipika mboga ya kunde, nikaikumbuka ile yake, ikanishinda.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Asante kwa kunitunzia shamba. Lakini kinu sitateremsha.

Usidhani ni ukaidi wa mjane. Kifua cha Nahashon kilianzia Kariobangi, kwenye karakana, kwenye moshi wa kuchomelea aliouvuta miaka yote bila kitu cha kufunika pua. Juu ya paa ndiko alikokuwa akipumua vizuri. Wewe hukumwona akikaa huko jioni, amevua viatu. Mimi nilimwona.

Sasa nikwambie nilichofanya. Kwanza nilikwenda kwa jirani wa nyuma, Lydiah, yule tunayemwita Mama Jacky, kwa sababu ndiye aliyelalamika. Hakukana. Alisema Jacky ameumwa na kichwa wiki mbili na kila mtu anajua busta ndiyo huleta. Nikamwambia twende juu aione. Alipanda akiwa amejifunga leso kichwani mara mbili ili miale isipite. Alipofika akazunguka kinu, akakitazama chini na juu.

"Waya za simu ziko wapi?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Sasa hii ni nini, Nekesa?"

"Ni feni. Tofauti ni kwamba hii ndiyo inapulizwa."

Alikaa kwenye kreti akacheka mpaka leso ikafunguka. Kisha akaona haya, akasema twende wote ofisini akaondoe malalamiko yake. Na Jacky wamempeleka kupimwa macho, anahitaji miwani.

Ofisini tulimkuta kijana mpole, simsemi vibaya. Alimsikiliza Mama Jacky, akaandika. Halafu akasema notisi itabaki. Sheria ya mlingoti inataka usimame mbali na mpaka wa jirani kwa kadiri ya urefu wake, na urefu hupimwa kuanzia ardhini, nyumba ikiwemo. Nikamwambia kwa hesabu hiyo ploti yangu ingebidi ifike mtaa wa Baba Dogo. Akasema sheria haikuandikwa kwa ajili ya ploti moja.

Mama Jacky akamwambia lakini hii si mlingoti wa simu, ni ya upepo.

"Mathe, mimi naelewa," akasema, maana vijana wa huku humwita mama hivyo. "Lakini kwa sheria zetu kuna mlingoti, kuna bango, kuna tangi la maji. Hii ya upepo haiko."

Nikamwuliza, "Kama haiko, mtateremsha nini?"

Alisema atauliza mkubwa wake. Nikamwambia amwulize pia kama sheria iliandikwa na mtu aliyewahi kupanda ngazi zetu gizani amebeba mtungi wa maji.

Najua hutapenda. Nisamehe kwa kukukatalia, si kwa kinu.

Shemeji yako,
Nekesa


Webuye
20 Septemba 2025

Kwa Shemeji Nekesa,

Nakusalimu. Nimenyamaza kwa hasira, si kwa ugonjwa, kwa hiyo usije ukauliza afya yangu. Mama pia ni mzima. Mahindi tumevuna.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, Mzee Kweyu alinishika mkono. Alipiga kelele sikioni, watu wote wakasikia. Aliniuliza kampuni ya simu inatulipa ngapi kwa ile busta ya Nahashon. Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Mpwa wake anakaa Mathare na ndiye aliyeleta habari: kwamba ndugu yangu aliuza paa lake kwa kampuni, akawaumiza watoto wa watu, na miale hiyo hiyo ikamla kifua.

Nilisimama pale uwanjani, Nekesa. Ndugu yangu alichomelea geti la kanisa hilo na hakudai hata chai.

Nilikwambia usibishane nao kuhusu jina. Jina ndilo jambo lenyewe. Ukikiteremsha sasa, itabaki kwamba kilikuwa busta. Kwa hiyo usikiteremshe. Mimi bado sikipendi. Sitakuja kukipenda. Lakini asiteremshe mtu yeyote kazi ya Nahashon kwa jina la uongo.

Mzee Kweyu nilimjibu, ila maneno yenyewe siyaandiki, yalikuwa uwanjani mwa kanisa.

Shemeji yako,
Patrobas


Lucky Summer, Nairobi
3 Oktoba 2025

Kwa Shemeji Patrobas,

Salamu nyingi. Sikuulizi afya, umenikataza. Goti langu liko vilevile.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na Jumatano wakaja watu wa mipango, miezi miwili baada ya muda wa notisi kuisha. Walikuwa vijana wawili wenye makoti ya ofisi, na grinda ya kukatia chuma. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima tangu asubuhi. Nilikuwa nafua. Wakaniambia kwa adabu kwamba wametumwa kukata. Nikasema mimi sijakubali, lakini sitapigana na watoto wa wenzangu. Nikapanda nikakaa chini ya kinu na beseni langu la nguo. Wapangaji wakanifuata mmoja mmoja. Mama Jacky akaja na kiti chake kutoka nyumbani.

Mmoja akachomeka grinda kwenye soketi ya pale juu. Kimya. Akajaribu ya ngazini. Kimya. Akaona chumbani kwa fundi viatu Maina taa inawaka na redio inaimba, akauliza stima ile inatoka wapi. Maina akamwonyesha juu kwa kidole.

Kijana akaja kwangu na waya mkononi. Aliuliza bila kufikiri, "Mathe, tunaweza kuchomeka hapo kidogo?"

Mama Jacky akamwambia, "Ng'ombe unataka akukopeshe kisu?"

Paa lote likacheka. Na yeye akacheka, masikini, akakaa nasi kwenye ukingo. Nikawapa chai. Walisema wataleta jenereta, lakini waliorudi kesho yake walileta karatasi tu. Kamati ya mipango inaniita Jumatatu, nijieleze kabla hawajaamua. Wakiamua vibaya, watakata, na jenereta wanayo.

Maina na wengine wanataka niende kuomba huruma kwa sababu mimi ni mjane. Sitaomba. Huruma itakiacha kinu changu na kuteremsha cha mwingine atakayetengeneza. Maina mwenyewe ameshaanza kutafuta altaneta. Nitawaambia hii si busta, na aliyeitengeneza ni Nahashon Mukhwana, fundi wa Kariobangi. Nitawaambia waandike mstari mmoja katika sheria zao, ukitaje kinu cha upepo cha paa kwa jina lake lenyewe, na kipimo cha umbali kinachoingia kwenye ploti za huku. Wakisema haiwezekani, nitakaa kwenye benchi lao mpaka waniambie kwa nini.

Nguo nilizofua siku ile zimekauka. Lile shati lake la kazi nililifua pia. Sijui kwa nini, hakuna anayelivaa.

Jumatatu nitatoka asubuhi na Mama Jacky. Naogopa kidogo, lakini naenda. Siku hiyo unikumbuke.

Shemeji yako,
Nekesa