Najifanya Sijui Hesabu ili Rafiki Yangu Azijue

Mpendwa Mama Ruthu,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na kama utacheka basi ucheke kabla ya kunijibu, maana jambo langu nikilisimulia linaonekana la kitoto lakini linaninyima raha kabisa. Mimi ni msichana wa kidato cha nne hapa Mkonze, jina langu naomba ulifiche, na rafiki yangu nitamwita Batuli ingawa si jina lake. Batuli kwao ni Kolo, kule Kondoa, ila anaishi kwa mama yake mdogo jirani na sisi, na tangu alipokuja tumekuwa kama pacha, mimi naenda kanisani yeye anaenda msikitini, mengine yote tunafanya pamoja.

Sasa Batuli alikuwa anaogopa hesabu, si kuzichukia, kuziogopa, kwa sababu kidato cha tatu aliitwa ubaoni akakosea darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo kikifika kipindi cha hesabu mikono inamtetemeka mpaka kalamu inadondoka, au anaomba ruhusa ya kwenda chooni na harudi mpaka kipindi kiishe. Mimi hesabu nilikuwa naziweza, nikajaribu kumfundisha, ikawa kila nikimwelekeza anazidi kujiona mjinga, mara nyingine analia. Halafu mwezi wa tatu nikaugua malaria, niliporudi nikamwuliza walisoma nini, akasema, "Mimi tena? Unaniuliza mimi hesabu?" lakini akachuchumaa uani akaanza kunionyesha kwa kijiti kwenye mchanga, na mimi lile somo nilikuwa nimeshalisoma mwenyewe kitandani, ila nikaona mikono yake haitetemeki, Mama Ruthu, imetulia kabisa, basi nikasema, "Rudia, sijaelewa."

Ndiyo ikawa hivyo mpaka leo. Kila jioni tukishachota maji ananifundisha, mimi najikuna kichwa, nakosea makusudi, yeye anarudia, na kila akimaliza ananiangalia usoni anasema, "Umeelewa kweli, au unaitikia tu?" Ili anifundishe inabidi kwanza asome mwenyewe, na anasoma kweli. Siku moja tulikuwa kwenye yale maswali ya umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja, akaingia jikoni akatoka na boga la mama mdogo, akasema mistari hii ya boga ndiyo longitudo, sasa ukilikata karibu na kikonyo unapata duara dogo, ukilikata katikati unapata kubwa, ndiyo maana lazima uzidishe kwa kosini. Mimi ile kanuni nilikuwa nimeikariri zamani na sikuwahi kujua kosini inatafuta nini pale. Mama mdogo alitugombeza kwa boga lake, lakini tulilila.

Kosa langu kubwa ni mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Niliogopa kwamba nikifaulu Batuli atajua, nikaandika majibu ya uongo makusudi, nikapata F, yeye akapata C, na badala ya kushangilia C yake akanikumbatia mimi akanibembeleza. Mwalimu Sostenes wa hesabu akamwita mama yangu shuleni. Mama hakunipiga wala hakunisema, aliniwekea chakula akasema, "Mwanangu, hata ukipata sifuri, kwangu utakula." Na sasa Batuli amechaguliwa kwenda kambi ya shule, ya wale wanaolala shuleni na kufundishwa na mwalimu kila jioni mpaka mtihani wa taifa, na amekataa! Amesema, "Nikienda huko nani atakufundisha wewe? Siendi." Majina yanafungwa mwisho wa mwezi, na pale kwa mama mdogo kuna watoto wadogo, kuna maji, kuna kuni, bila kambi sijui kama ile C ataishika.

Halafu kuna jingine nalionea aibu, juzi alinipa swali la uwezekano, lile la kutoa mipira miwili kwenye mfuko bila kuirudisha, nikasema sielewi, na safari hiyo nilikuwa sielewi kweli.

Nikimwambia ukweli naogopa ataona nilikuwa namchezea kama mtoto, mikono ianze tena kutetemeka. Nisipomwambia anakosa kambi kwa ajili yangu. Nifanye nini?

Ni mimi ninayejifanya,
Mkonze, Dodoma

Mama Ruthu anajibu:

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka kwenye boga tu. Kwingine nimesoma polepole, na pale mama yako alipokuwekea chakula ilibidi nivue miwani. Una moyo mzuri wewe. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kumwambia rafiki "rudia, sijaelewa" ili apate ujasiri, hilo nakusamehe, na ningekuwa na umri wako labda ningefanya vivyo hivyo. Lakini kuingia chumba cha mtihani ukaandika uongo kwa mkono wako? Umemdanganya mwalimu, umempa mama yako uchungu usio na sababu, na yeye masikini akakupa ugali. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe umetenda wema ukakaa palepale, ukajenga na kibanda. Matokeo yake Batuli anaacha kambi ili akubebe wewe, na wewe umejiangusha ili umbebe yeye. Mnabebana, binti yangu, na hakuna anayetembea.

Unaogopa mikono yake itatetemeka. Hebu nikuulize, siku ya moko nani alimshikia Batuli kalamu? Wewe ulikuwa kwenye dawati lako unahangaika kutafuta majibu ya kukosea. Ile C ni yake peke yake. Ukiendelea kudhani kwamba bila maigizo yako ataanguka, basi na wewe hujamwamini bado, na hapo huna tofauti kubwa na wale waliomcheka ubaoni. Najua maneno haya yanauma. Nimeyakusudia.

Fanya hivi. Leo hii mwambie mama yako yote. Atakasirika, kisha atalala usingizi ambao hajaupata tangu aitwe shuleni. Kesho asubuhi mwone Mwalimu Sostenes, mwombe akupe mtihani mwingine ufanye mbele yake, na akikupa adhabu ipokee. Kambi usiiombe. Akiona unafaa atakupeleka mwenyewe.

Kwa Batuli usiende na hotuba ya kuomba msamaha. Nenda na lile swali la mipira. Umelitaja mwishoni kwa aibu, kumbe ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye barua yako. Ulijifanya hujui mpaka ukaacha kufanya mazoezi, na mwenzako akakupita. Kuna kitu anakijua na wewe hukijui. Hata kosini uliielewa kwake, kwa boga la watu. Kwa hiyo miezi yote hii hukuwa unaigiza tu, ulikuwa pia unafundishwa, na hilo ana haki ya kulisikia kutoka kinywani mwako. Mwache akufundishe mpaka swali likuingie, ndipo umweleze ulivyoanza na kwa nini, kisha umwambie aende kambini. Atakasirika. Mwache, hata kama hatakusalimia kwa muda, usimfuatefuate. Mtu aliyependwa kwa njia ya kombokombo huhitaji nafasi kidogo kabla ya kuona kwamba alipendwa.

Na ufanye haraka. Nimeficha jina lako kama ulivyoomba, lakini gazeti hili watu hufungia maandazi mpaka huko Kolo, na mwenye boga atalijua boga lake. Asije akalisoma kwangu kabla hajalisikia kwako.

Basi maji yakishachotwa, kaeni palepale uani, umpe kijiti, umwambie aanze. Akimaliza atakuangalia usoni akuulize kama umeelewa kweli, au unaitikia tu. Safari hii mjibu ukweli.