Nyumba ya Bi Melina Kwenye Picha ya Mji

Banda Na. 214,
Mabanda ya Juu,
Messina, Sicilia.
6 Machi 1911.

Mpendwa kaka Santi,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye matope. Hujambo wewe, hajambo mkeo Ersilia, na mtoto ameshaota meno? Barua yako ya Krismasi ilifika, nikaisoma mara mbili kwa sauti ili Baba asikie vizuri. Mimi ni mzima. Baba kifua kinambana tangu Januari, na mvua haijaacha kupenya kati ya mbao.

Uliuliza habari za kiwanja chetu. Nimekawia kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Leo nitakueleza yote, nawe usimlaumu Baba kabla hujafika mwisho.

Unaikumbuka ile picha pana ya mji aliyoipiga Baba toka kilimani, vioo saba vya kuchapia picha vilivyounganishwa, kuanzia ngomeni mpaka mnara wa taa. Baada ya tetemeko la ardhi vile vioo vilikutwa salama Milazzo, kwa shangazi Nunziata. Ofisi ya viwanja ilikuwa ikidai uthibitisho wa nani alikuwa na nyumba ipi, na hati za watu bado ziko chini ya kifusi. Baba akaichapa picha upya, mkubwa wa ofisi akaikubali. Familia kumi na moja za mtaa wetu, na sisi tukiwemo, zikaegemeza madai yao kwenye picha hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama nilimsikia Baba akipiga mluzi.

Katikati ya Januari akaja Bi Melina Cucinotta, yule mshonaji aliyekaa nyuma ya kanisa, ambaye mumewe na mabinti zake wawili walifukiwa na kifusi. Alikuja na kioo cha kukuzia, akainama juu ya meza mpaka kahawa niliyomwekea ikapoa.

“Mzee Letterio,” akasema, “kanisa nimeliona. Kisima nimekiona. Kwani nyumba yangu imekwenda wapi?”

Baba akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Santi, ni mimi. Mwaka ule wa picha nilikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yangu pale kwenye duka la picha la Baba ilikuwa kusafisha vioo na kuondoa madoa. Nyumba ya Bi Melina iliziba nusu ya mnara wa kanisa, hasa ile ghorofa ya juu ya mbao, tena nguo zilikuwa zimeanikwa hapo. Baba alisema hakuna mtu atakayetundika sebuleni kwake picha ya fulana za jirani. Akaniambia niiondoe. Nikaikwangua kwa wembe, nikachora mnara kwa brashi mahali pake, na hata paroko hakugundua. Nilijisifu wiki nzima.

“Siku ile mabinti zangu walikuwa dirishani,” Bi Melina akaendelea. “Walinipigia kelele kwamba Mzee Letterio yuko kilimani na sanduku lake, wakawa wanakupungia mkono. Nilidhani nitawaona.”

Akaondoka, akidhani pengine macho yake ndiyo mabovu.

Nikamwambia Baba anyamaze. “Ukisema sehemu moja ilichezewa, watasema yote ilichezewa. Familia kumi na moja, Baba. Na Santi je, anayejinyima huko ili aje kujenga?”

“Na Melina je?”

“Melina ni mmoja.”

Ndivyo nilivyosema, kaka. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Baba alikaa siku tatu bila kula vizuri. Ya nne akavaa koti lile la mazishi akaenda ofisini, nami nikamfuata nyuma. Akaapa mbele yao kwamba nyumba ya Bi Melina ilikuwepo, ghorofa mbili na dirisha la mbao, na kwamba aliikwangua yeye kwa mkono wake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimsikia akisema “mkono wangu”, nikanyamaza.

Karani mmoja akacheka. “Kumbe Mzee wewe ni mchoraji. Sisi tulidhani mpiga picha.”

Wakaandika kiapo chake, nyumba ya Bi Melina ikatambuliwa. Picha wakaitupa nje ya kesi, na madai yote kumi na moja yakafutwa, letu likiwemo. Kuhusu kiwanja, hayo ndiyo majibu yangu.

Mtaani hawatusalimii. Placido mwokaji alimwambia Baba mbele ya foleni nzima, “Ungekufa na siri yako, Mzee, tungekuombea. Sasa tukuombee nini?” Baba akavua kofia, akaomba mkate wake kama kawaida. Tangu siku hiyo mkate naununua mbali.

Juma lililopita nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Bi Melina nikamwambia ule wembe niliushika mimi. Alikuwa kwenye cherehani. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu, kama nilipokuwa naikwangua ile ghorofa niliona mtu dirishani.

Ningeweza kumwambia niliwaona wote wawili. Nikamwambia sikuangalia, macho yangu yalikuwa kwenye mnara.

“Basi,” akasema, akaendelea kushona. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama.

Shangazi Nunziata anakusalimu, na binamu Cono, ambaye ndiye pekee anayekuja kucheza karata na Baba siku za Jumapili. Mbusu Ersilia na mtoto kwa niaba yetu. Bikira mlinzi wa mji wetu awafunike na joho lake huko mliko.

Santi, usirudi kwa ajili ya nyumba, kwa maana hakuna. Ukija, njoo kwa ajili ya Baba. Daktari amemsikiliza kifua mara mbili, na mara ya pili alinishika bega tu. Ukija, usingoje kiangazi.

Mimi dadako, ninayekuwaza kila siku,

Agatina Mangraviti