Vitambaa vya Mwani Vinavyoisha Upesi

Chuno, Mtwara
Juni 2003

Kwa shemeji yangu Mwaisha,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mihogo imekubali mwaka huu huko Palma. Sisi huku tunaamka na tunakula, alhamdulillahi. Dada yako Mwanahawa hajui kwamba naandika, na kwa nini hajui utaelewa mbele. Hamisi mchuuzi anavuka Ruvuma na mzigo wake wa sufuria. Nimemwambia barua hii akupe wewe mwenyewe mkononi, asimwachie mtu.

Unaukumbuka mguu wangu. Kile kidonda ndugu cha juu ya kifundo hakijafunga, na kinatoa maji mchana na usiku, kiasi kwamba bendeji ya asubuhi huwa imelowa kabla ya adhuhuri. Niliacha kwenda msikitini. Sheria hainikatazi, nimesoma na najua mwenye udhuru ana ruhusa yake, lakini kuna suala la mkeka. Mtu akisujudu karibu na doa langu, naiona pua yake inavyofikiri. Mwaka jana daktari alisema kidonda kisipokauka itabidi mguu ukatwe chini ya goti. Tangu siku hiyo sikuwa na wazo jingine.

Baada ya mfungo akaja Rehana, binti wa marehemu jirani yetu Ayubu, ambaye sasa ni muuguzi wa zahanati. Alileta pakiti ndogo, na ndani ya kila moja mna kitambaa cheupe, laini kama pamba isiyosokotwa. Alieleza kwamba kimetengenezwa kwa mwani, kwamba kinakunywa maji ya kidonda kuliko gozi lolote la hospitali, na kwamba madaktari wageni waliacha boksi zima walipoondoka. Kinalazwa juu ya kidonda, kinafunikwa kwa gozi na bendeji, halafu kinaachwa siku kadhaa bila kuguswa.

Shemeji, unanijua. Tulipovuka mto wakati wa vita tulipangwa foleni, tukachanjwa, tukapigwa picha, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tangu hapo kitu cha bure nakitazama mara mbili. Nimeishi huku muda mrefu kuliko nilivyoishi kwetu Kionga, ng'ambo ya mto, nimetunza maktaba ya utafiti wa korosho pale Naliendele hadi nikastaafu, na bado sokoni wananiuliza nimefika lini. Basi nikajiuliza kwa nini, katika wenye vidonda wote wa Mtwara, Rehana aanze na mtu wa kuja.

Nilimuuliza Zawadi, jirani yetu anayelima mwani kule pwani, kama amewahi kusikia jambo hili. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema wanunuzi wanaubeba mwani wake na kwenda nao kusikojulikana, na kama kweli umerudi Chuno kwenye mguu wa Mzee Abeid, basi mguu huo uufikishie mwani salamu zake na uuambie kamba za kuufungia zimepanda bei. Rehana aliposikia alisema huo ni mwani wa aina nyingine, wa bahari za baridi. Jibu hilo nalo sikulipenda. Lilikuja upesi mno.

Nilipofungua bendeji mara ya kwanza, kitambaa hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na ute mzito wa rangi ya majani makavu, unaoteleza. Nikaamini kwamba nyama yangu inayeyuka, na kwamba huo ndio mpango wenyewe, ili nikifika kwa daktari pasiwe na la kubishania. Nikauosha wote kwa maji ya moto ya chumvi, kama tulivyofundishwa na wazee. Rehana alikuja juu. Alisema ute ndio kazi yake, kitambaa kikishiba maji kinageuka hivyo na kukitunza kidonda, na kwamba nikikifungua tena atakishonea kwenye ngozi yangu kwa sindano ya magunia. Mwanahawa aliongeza kutoka jikoni kwamba ashone na mdomo.

Nikaacha kufungua, lakini sikuacha kutazama. Niliona mambo ambayo hayakukaa sawa. Rehana alikuwa akimaliza mguu wangu haraka, kisha anaingia chumbani na dada yako, pazia linashushwa, wanazungumza kwa sauti ya chini. Pakiti zilikuwa zinaisha upesi kuliko mguu mmoja unavyoweza kuzitumia. Na Mwanahawa alianza kufukiza ubani asubuhi na jioni, mtu ambaye zamani alisema ubani unamtia maumivu ya kichwa. Nilidhani ananionea haya kwa harufu yangu. Baadaye nikadhani mabaya zaidi: kwamba amechoka kufua bendeji, kwamba wameafikiana na Rehana mguu ukatwe yaishe, na vitambaa vyangu vinauzwa au vinapewa mtu mwingine. Nilikula chakula chake huku nikimchunguza uso. Miaka yote hiyo ya ndoa, Mwaisha, na nilimchunguza kama mgeni.

Juma lililopita nilikwenda kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, ambako huwa anachoma bendeji zilizotumika. Mvua isiyo ya msimu ilikuwa imezima moto kabla haujamaliza. Nilikuta ute uleule wa mwani, ila ulikuwa na damu, damu nyeusi nyingi. Mguu wangu hautoi damu. Unatoa maji ya njano tu, ninayafahamu kama ninavyofahamu maandishi yangu. Nikajua kwamba ndani ya nyumba yangu anatibiwa mtu mwingine.

Niliingia na kumuuliza dada yako ni mgonjwa gani anayemficha chumbani kwangu. Nilisema kwa ukali. Alikaa kitandani, akafungua kanga yake, akaondoa gozi kwenye ziwa la kushoto.

Sitakuandikia nilichokiona. Nitakuandikia aliyoyasema. Alisema kivimbe kilianza kama punje ya kunde kabla ya mfungo wa mwaka juzi, na alipokwenda hospitali aliambiwa ugonjwa umeshatembea mwilini. Boksi lile la vitambaa Rehana alilileta kwa ajili yake, kwa sababu vinakunywa maji na kutuliza damu, naye Mwanahawa akashikilia kwamba lazima na mimi nitiwe, la sivyo havitaki. Ubani ulikuwa wa harufu yake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema nyumba moja haiwezi kuwa na wagonjwa wawili, mmoja lazima apike. Kisha akanikataza nisikuandikie. Alisema utakuja unalia tangu barabarani, na yeye hataki matanga yaanze akiwa bado anasonga ugali. Hakuniapisha.

Mguu wangu unapona, shemeji. Kidonda kimepungua, bendeji inafika jioni ikiwa kavu, daktari hataji tena msumeno. Nilimwomba Rehana vitambaa vilivyobaki vyote avipeleke upande wa pili wa pazia. Akaniambia kwa upole kwamba upande ule havitafunga kitu, vinampa tu siku ya kukaa na watu bila kulowa. Nikasema basi siku hizo zote ziwe zake. Kwa hilo alikubali.

Njoo, Mwaisha, na uje upesi. Wasalimie watoto, na umwambie mkubwa wako atunze shamba. Mwanahawa atakushuku mara tu atakapokuona mlangoni, kwa hiyo usimkimbilie, wala usimtazame kifuani. Piga hodi, kaa kwenye mkeka wangu, uulizie mguu. Uulizie kwa sauti, maana atakuwa jikoni anasikiliza.

Ni mimi shemeji yako,
Abeid