Mimbari ya Baba Imeshuka

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa kaka Mrefu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. U mzima? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia, au bado unakaidi kuvaa sweta? Sisi tu wazima. Mama mkono wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi, na haendi popote bila kiti chake cha magurudumu, lakini ulimi umerudi na ananigombeza kama zamani. Nashukuru hata kwa kugombezwa.

Sasa habari za kanisani, maana najua umezisikia nusunusu. Unaikumbuka mimbari ndefu aliyoijenga Baba mwaka niliozaliwa, ile yenye ngazi za kuzunguka? Kwetu Neno halikusomwa popote ila pale juu. Basi Mama, msomaji wetu tangu tukiwa wadogo, alipougua akawa anakaa nyuma karibu na mlango. Hakulalamika hata siku moja. Ila mtu mwingine akisoma somo, nilimwona midomo ikimcheza, analifuata kimoyomoyo. Baba hakuyaona hayo. Yeye ni wa kwaya, hukaa mbele kabisa.

Akaja mchungaji mpya, mama mmoja mwembamba, mcheshi. Akawaambia wazee wa kanisa kwamba Neno lishuke, lisomwe katikati ya watu, na mimbari iondolewe. Kaka, kanisa lilichafuka! Wengine walisema ni kumvunjia Mungu heshima. Baba aliwaka kuliko wote.

"Mkiitoa hiyo, na mimi nitoeni," alisema, akachukua kofia yake akaondoka.

Hakukanyaga tena kanisani. Jumapili alishinda karakana akipiga randa mbao zisizohitaji randa, nami nikawa nampeleka Mama peke yangu. Nyumba ilikuwa nzito, sitaki kukuficha. Niliogopa mzee wetu atazeeka na kinyongo.

Kisha homa ikanilaza, ikabidi Baba amsukume Mama mwenyewe. Alikusudia kumwacha mlangoni arudi zake, lakini mvua ikamfungia mle ndani, akasimama nyuma ya kile kiti. Ndipo alipoiona ile midomo. Alirudi nyumbani, hata chai hakunywa.

Kesho yake alibeba nyundo na patasi, akaenda kuibomoa mimbari kwa mikono yake. Vijana walitaka kumsaidia, akawafukuza. Mbao zote akazileta karakana, akafunga mlango. Ukimuuliza anachotengeneza, anakuuliza wewe huna kazi?

Jana ndiyo ameirudisha. Ngazi zimekuwa mteremko wa kupandisha kiti cha Mama hadi mbele, na kile kizimba cha juu alimosimama msomaji kimekuwa meza ya kusomea. Meza yenyewe nzuri, sitii chumvi, lakini fupi! Mchungaji alipoisogelea ilimfika chini ya kiuno. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba fundi amezeeka, amekosea kipimo.

Baba akasimama kutoka kwenye benchi la kwaya. "Sijakosea. Nimempimia msomaji wangu. Wenye miguu wavute viti."

Nikamsukuma Mama hadi mbele. Magoti yake yakaingia chini ya meza sawasawa. Alisoma polepole, maneno mengine yakimkwama, akiyarudia mpaka yatoke. Nililia mbele za watu bila aibu, na Baba, ambaye hajawahi kuitikia somo kwa sauti nje ya wimbo, ndiye wa kwanza kusema "Amina". Kaka, leo nimekwenda sokoni kifua mbele, utadhani meza nimeitengeneza mimi.

Mchungaji naye akavuta kiti, akahubiri ameketi. Ibada ilipokwisha wazee wakakubaliana kwamba meza ibaki ilivyo.

Shangazi mshonaji anakusalimu, na jirani yetu Mwalimu Miwani anauliza utaoa lini. Mimi simo. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu salama. Na ukija, Mama ameshasema Jumapili ya kwanza utasoma wewe. Na urefu wako huo, vuta kiti.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kasuku