Kanda ya Binti wa Sanduku la Kioo

S.L.P. 47,
Ibra, Sharqiyah,
Oman.

Ijumaa, 19 Mfungo Sita 1407
(21 Novemba 1986)

Mpendwa mwanangu Amur,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai waraka huu utakufikia huko Hamburg nawe u mzima na kifua chako kimetulia. Nimesikia redioni kwamba baridi ya Ujerumani imewahi mwaka huu. Vaa sufi, wala usione haya mbele ya wenzako wa kazini. Kifua kilichougua pumu utotoni hakisahau. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa magoti yangu yamekataa kusujudu, na sasa nasali juu ya kiti kama wazee niliokuwa nikiwahurumia.

Joto limevunjika huku. Maji ya mfereji wa falaji yamepungua, na zamu yetu ya kumwagilia shamba haitoshi kuifikia mitende ya mwisho. Khalaf amepata kazi ya serikali, na kila wiki huendesha gari mpaka Sur na kurudi. Nimemkanya asiende mbio, na yeye hunijibu, "Inshallah, baba," kisha huenda mbio.

Vifurushi vyako vyote vimefika, nami nakushukuru kwa niaba ya mwanao Wadha. Lakini barua hatujaipata hata moja tangu siku ile mama yako, dada yangu Kaltham, alipofariki, nawe ukapiga simu kututaka tumweke katika barafu ya hospitali mpaka uwasili. Nilikukatalia. Ukaniambia, "Basi, mjomba, kama mimi hamkunisubiri, na nyinyi msinisubiri." Kisha simu ikakatika. Sikukujibu siku ile, wala leo sikuandikii kwa sababu ya maneno hayo. Nakuandikia kwa sababu ya kanda ya vidio uliyomletea binti yako.

Tuliitazama Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa mimi, mke wangu Ghalia, jirani yetu Fakhriya, na Wadha mbele kabisa, magoti yake yakikaribia kugusa televisheni. Filamu yenyewe ni Kijerumani kitupu. Nikaombwa nifasiri, si kwa kuwa naijua lugha hiyo, bali kwa kuwa hekaya yake niliwahi kuwasomesha watoto Unguja. Ni ile ya binti wa mfalme aliyehusudiwa uzuri na mama wa kambo, akakimbilia msituni kwa mbilikimo saba, akafuatwa huko huko na tofaa la sumu. Nilieleza kila kitu kwa utaratibu, na wanawake wakaongeza yao.

Filamu ilipofika pale binti alipoanguka, na mbilikimo wakamlaza ndani ya sanduku la kioo juu ya kilima, Ghalia alipiga kofi. "Lo! Binti wa watu wamemtia kabatini kama vikombe vya arusi!"

"Na wanaume saba wazima, wana ndevu mpaka kitovuni," akasema Fakhriya, "hata mmoja hawezi kuchimba kaburi? Na kazi yao ni kuchimba!"

"Waache, mwenzangu. Labda bafta ya sanda imekwisha dukani."

Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka. Wadha hakucheka.

Kisha akaja yule kijana juu ya farasi. Kifuniko kikafunguliwa, binti akakohoa, akakaa kitako, na theluji yote ile ikang'ara. Filamu ikaisha. Mtoto akanigeukia.

"Babu, wale mbilikimo walimngojea mtu wake aje."

"Naam."

"Nyinyi hamkumngojea baba. Mlimfukia bibi."

Ghalia akainuka kwenda kuleta kahawa, ilhali dele yenye kahawa ilikuwa mbele yake. Nilimweka mtoto karibu yangu nikamweleza kwamba ile ni hekaya, kwamba aliyekufa haamki mpaka Siku ya Kiyama, na kwamba kumkirimu maiti ni kumzika. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Unajua alivyolelewa. Halafu akasema, "Lakini kanda kaileta baba. Baba anajua."

Ndilo kosa lake, Amur, na mimi siwezi kulisahihisha. Anaamini kwamba uliichagua kanda ile makusudi ili utufundishe namna inavyofanywa, na kwamba unachelewa tu kama alivyochelewa yule kijana wa farasi.

Jumatatu walikuja wanawake kugawa nguo za mama yako ziwe sadaka. Tulikuwa tumechelewa na jambo hilo kuliko desturi, kwa sababu Ghalia kila akifungua sanduku hurudisha kifuniko na kulia. Walimkuta Wadha amekaa juu ya sanduku. Walimbembeleza, hakuondoka. Fakhriya akamwambia kwa utani, "Shuka, bi harusi, tukupe kanga mbili zako." Akajibu, "Bibi akiamka atavaa nini?" Wanawake wale wameosha maiti wengi na si wepesi wa machozi. Waliondoka mikono mitupu, na hakuna aliyemuaga mwenziwe.

Asubuhi hupanga mito ya kitanda cha bibi yake. Alasiri hufukiza udi chumbani. Hana homa, anakula, shuleni anasoma vizuri. Mtoto huyu hakumjua mama yake aliyemzaa, na huyu bibi ndiye aliyekuwa mama. Sisi wa nyumba hii tumekwisha kumwambia kweli, kila mmoja kwa namna yake. Yeye hatusadiki. Kwake yeye, sisi ndio tuliofanya haraka.

Sasa nitakueleza jambo ambalo hukuniuliza, kwa kuwa huenda hukuweza kuuliza. Mama yako alifariki kabla ya alfajiri, uso umeelekea kibla, bila ya kuteseka. Aliyemwosha ni Ghalia. Tulimsalia baada ya adhuhuri, na watu walijaa mpaka nje ya msikiti, wa Ibra na wa Bidiya, na wazee wetu wa Unguja walioko Nizwa waliowahi kupata gari. Aliyestahili kushuka kaburini ni wewe. Ulipokuwa hupo, nilishuka mimi, na Khalaf akanishika kiuno kwa sababu ya magoti haya. Ardhi ya hapa ni mawe matupu, lakini wachimbaji waliichambua vizuri, hakuna jiwe lililomgusa. Nilifungua vifundo vya sanda kwa mkono wangu. Nilipofungua cha kichwani nilikutaja jina lako karibu na sikio lake, nikamwambia kwamba Amur yuko safarini. Sijui kama kuna hadithi sahihi inayoruhusu jambo hilo. Nilifanya.

Sikuombi radhi kwa kumzika siku ile, kwa kuwa nilitenda lililo wajibu, na kesho ningetenda vivyo hivyo. Ukitaka kunikasirikia mimi, nikasirikie ukiwa hapa. Ombi langu ni hili tu: njoo, umshike mwanao mkono, umpeleke chumbani kwa bibi yake, umwambie wewe kwamba bibi haamki. Litamuuma. Lakini akiambiwa na wewe atalia, na akilia atapona. Kwa sasa halii, anangoja, na kila wiki anangoja kwa ustadi zaidi.

Ghalia anakusalimu na amekuwekea halua ya Nizwa katika bati. Khalaf anakusalimu, anasema atakupokea uwanja wa ndege wa Seeb saa yoyote utakayofika, na mimi nitamkanya mwendo. Fakhriya anakusalimu. Wadha anakubusu mkono. Jana aliniuliza kama baba akija atashukia Bidbid kubadilisha gari, au atafika moja kwa moja mpaka mlangoni. Nilimjibu kwamba utafika mpaka mlangoni. Maisha yangu yote nimewasomesha watoto, na sijapata kumwambia mtoto jambo nisilolijua ila jana.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako, akulinde katika nchi ya watu, na aifupishe njia iliyo baina yetu.

Nikupendaye daima,
mjomba wako,
Azzan bin Ghanim