Sindano ya Rukia

Mama, shikamoo. Hapa Kengeja mvua hainyamazi, na uji wa pilipili manga anaopikiwa dada Rukia baada ya kujifungua nusu yake naumaliza mimi.

Mjukuu wako amekutwa na kitundu kwenye ukuta wa moyo. Bi Mize, mkwewe Rukia, aliapa kimetokana na ile kofia ambayo dada alikuwa akiitoboa na kuidarizi wakati wa mimba. Akaificha sindano. Rukia akaamini, akawa halali kwa kulia.

Jana tukaenda hospitali sote. Daktari akamuuliza Bi Mize, "Kofia aliianza lini?"

"Tumbo lishakuwa kubwa."

"Bibi, kuta za vyumba vya moyo hujengwa mimba ingali changa kabisa. Sindano haina kosa. Na kitundu chenyewe ni kidogo, vingi vya hivi huziba vyenyewe. Tutakuwa tunamtazama."

Leo asubuhi Bi Mize kamwekea Rukia kofia na sindano mapajani.

"Malizia. Mwana huyu atakwenda chuoni kusoma Kurani kichwa wazi?"

Mungu akupe uzima, Mama, uje umwone kaivaa.

Mwanao, Salma